Hans Geiger, aliyehesabu miale isiyoonekana

MGONJWA anayepigwa picha ya eksirei mjini Kitui, au Wote katika Makueni, haoni wala hahisi miale inapompenya mwilini. Miale ya namna hiyo hutambuliwa kwa vifaa tu, na katika historia ya vifaa hivyo hakuna jina lililovuma kuliko la Mjerumani Hans Geiger.

Alizaliwa Septemba 30, 1882, mjini Neustadt, babake akiwa msomi wa lugha za kale za India. Mwaka 1907 alikwenda Manchester, Uingereza, ambako alikuwa msaidizi wa Ernest Rutherford. Mwaka uliofuata wawili hao waliunda kifaa cha kuhesabu chembe za alfa, moja baada ya nyingine.

Utendakazi wake si mgumu kueleweka. Bomba la chuma hujazwa gesi na kupitishwa katikati waya wenye umeme wa nguvu nyingi. Chembe ikipenya hung'oa elektroni katika gesi, nazo hung'oa nyingine, hadi mkupuo wa umeme uzuke. Mwaka 1928, akishirikiana na mwanafunzi wake Walther Müller, Geiger alikiboresha kifaa hicho kikaweza kunasa hata miale ya beta na gama.

Vitambuzi vya gesi vilikuwemo katika setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa kutoka baharini karibu na Malindi Desemba 12, 1970, kuchunguza eksirei za angani. Karibu na Geneva, mtambo wa kugonganisha chembe wenye mzingo wa kilomita 27 umewekewa zaidi ya 3,500 vya jamii hiyo. Chembe zikianza kupotea njiani, hivyo ndivyo hutoa ishara ya kuzielekeza kando kabla hazijaunguza mtambo.

Kumpima Geiger mwenyewe ni kazi nzito zaidi. Vita vilipozuka mwaka 1914, alimsaidia mwenzake Mwingereza, James Chadwick, aliyekwama Ujerumani. Lakini mwaka 1933, kijana Hans Bethe alipofukuzwa chuoni Tübingen kwa kuwa mamake alikuwa wa asili ya Kiyahudi, Geiger alimpa kisogo. Miaka mitatu baadaye alikuwa miongoni mwa waliotia saini barua ya kutetea fizikia dhidi ya mashambulizi ya wafuasi wa Nazi. Aliitetea taaluma, Bethe hakumtetea.

Mwaka 1945 wanajeshi wa Kisovieti waliitwaa nyumba yake ya Babelsberg. Alikimbilia Potsdam, na huko akafariki Septemba 24.