Wimbo wa Jim Reeves haukuwa maneno matupu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijibu hoja ninayoisikia mara kwa mara kwa vijana wa hapa kijijini, kwamba mapenzi ya kudumu yamo katika nyimbo tu. Hoja hii si ndogo. Sisi walimu tunayaona darasani matokeo ya nyumba zinazovunjika: mtoto huja bila daftari, au haji kabisa.

Wazee wetu walimpenda sana mwimbaji wa Marekani, Jim Reeves, hasa kwa wimbo wake I Love You Because. Yafaa vijana wajue habari zake.

Reeves alizaliwa tarehe 20 Agosti, 1923, huko Galloway, katika jimbo la Texas. Alikuwa kitindamimba, na baba yake alifariki yeye akiwa mtoto mchanga. Alitaka kuwa mchezaji wa besiboli, lakini kuumia kulimkatisha safari hiyo. Mwaka 1947 alimwoa Mary White. Akawa mtangazaji wa redio, na mwaka 1953 wimbo Mexican Joe ukamtoa. Baadaye aliacha kupaza sauti, akaimba polepole karibu kabisa na kipaza sauti. Kwa mtindo huo, mwaka 1960, He'll Have to Go ulishika nafasi ya kwanza katika muziki wa kantri kwa majuma 14.

Lakini I Love You Because hakuutunga yeye. Ulitungwa na Leon Payne, naye mtu wa Texas, kipofu tangu utotoni. Aliutunga kwa ajili ya mkewe Myrtie, akautoa mwenyewe mwaka 1949. Mtunzi huyo hakuvutwa na sura wala mavazi. Hapo ndipo ninapowaomba vijana watafakari.

Wako watakaosema kwamba Reeves alikwenda kuimba Afrika Kusini mwaka 1962 na 1963, wakati wa ubaguzi wa rangi, akacheza na filamu huko. Ni kweli, na hilo halinifurahishi. Kuupenda wimbo hakutulazimishi kusifu kila safari ya mwimbaji.

Tarehe 31 Julai, 1964, alikuwa akirusha mwenyewe ndege ndogo aliponaswa na dhoruba karibu na Nashville. Ndege ilianguka, akafa pamoja na mpiga piano wake, Dean Manuel. Alikuwa na umri wa miaka 40. Alizikwa karibu na Carthage, Texas.

Hawakuwa na mtoto. Mary alizitunza kanda alizoacha mumewe, na santuri mpya zikaendelea kutoka kwa miaka mingi. Mwaka 1966 wimbo Distant Drums ulishika nafasi ya kwanza Uingereza, mwenyewe akiwa kaburini miaka miwili. Baadaye Mary aliolewa tena, lakini kazi ya Jim hakuitupa. Alifariki mwaka 1999.

Basi vijana wasiseme mambo haya ni ya santuri tu. Kipofu aliyaishi kabla ya kuyatunga, na mjane aliyatimiza kwa kazi ya mikono yake. Nawaomba wazee wanaoujua wimbo huu wawaeleze vijana maana yake, hasa wale wanaojiandaa kufunga ndoa.

Ni mimi,
Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kijijini.