Tumkumbuke Makhan Singh, mtetezi wa wafanyakazi

Wanafunzi wetu wa historia hukutana na jina la Makhan Singh katika mstari mmoja au miwili ya kitabu cha shule, wakalikariri kwa ajili ya mtihani, kisha wakalipita kama abiria anavyokipita kituo kisicho chake. Mimi ni mwalimu hapa Ruiri, eneo la Buuri huku Meru, na jambo hili naliona mwaka baada ya mwaka. Linanisikitisha kwa sababu madarasa yetu yamejaa watoto wa madereva, makanga na waendeshaji wa bodaboda, nao hawajui kwamba haki ndogo walizo nazo wazazi wao zilipiganiwa na mtu huyu hata akapoteza uhuru wake kwa miaka 11.

Makhan Singh alizaliwa tarehe 27 Desemba 1913 katika kijiji cha Gharjakh, jimbo la Punjab, nchi ya India iliyokuwa chini ya Waingereza. Baba yake, Sudh Singh, alikuwa fundi seremala aliyekuja Kenya kufanya kazi katika reli, na baadaye akaanzisha kiwanda cha kupiga chapa jijini Nairobi. Mwana alimfuata baba mwaka wa 1927, akasoma Nairobi, kisha akaingia katika kazi ya kiwanda hicho. Hivyo basi, tangu ujana wake alijua mambo mawili: taabu ya mtu wa mshahara na nguvu ya karatasi iliyopigwa chapa.

Mwaka wa 1935 alichaguliwa kuwa katibu wa chama cha wafanyakazi wa Kihindi. Utawala wa kikoloni ulikuwa umewagawanya watu kwa rangi katika mishahara, makazi, hospitali na hata shule. Wengi waliona kuwa ni jambo la kawaida kila kabila la watu lijitetee peke yake. Yeye alikataa. Mwaka huo huo chama kilibadilishwa jina na katiba, kikafunguliwa kwa kila mfanyakazi bila kujali rangi wala dini. Halafu zikaanza kutoka karatasi ndogo ndogo za matangazo kwa lugha mbalimbali, zikiwemo Kipunjabi, Kiurdu, Kigujarati na Kiswahili, ili kila mtu asomewe habari za haki yake kwa lugha anayoielewa.

Matunda yake yalionekana upesi. Mwaka wa 1937 mafundi wa Nairobi waligoma kwa siku 62. Mgomo ulipomalizika, waajiri walikubali kuongeza mishahara kwa kati ya asilimia 15 na 22, na siku ya kazi ikawa ya saa 8. Tunaporudi nyumbani jioni leo na kuona kuwa hilo ni jambo la kawaida, tukumbuke kwamba hapo zamani watu walikaa na njaa kwa miezi miwili ili lipatikane.

Vita vya pili vya dunia vilimkuta akiwa India. Alikamatwa huko mwaka wa 1940 kwa ajili ya siasa zake, akakaa kifungoni na kizuizini kwa sehemu kubwa ya vita hivyo. Aliporejea Kenya mwaka wa 1947 alikuta hali imechafuka. Mapema mwaka huo maelfu ya wafanyakazi wa bandari na reli walikuwa wamegoma Mombasa, na kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa na kupelekwa kizuizini. Serikali ilijaribu kumfukuza Makhan Singh nchini, isifaulu. Badala ya kutulia, akaendelea kuviunganisha vyama vilivyokuwa vimetawanyika.

Hapa ndipo watu wa uchukuzi wanapoingia katika maisha yake. Tarehe 1 Mei 1949 liliundwa shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Afrika Mashariki. Makhan Singh akawa katibu mkuu, na rais akawa Fred Kubai, aliyekuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa uchukuzi. Mwaka huo huo baraza la mji wa Nairobi lilikuwa limetunga sheria ndogo za kuwabana madereva wa teksi, nao wakagoma mwezi wa Oktoba. Mtu angetarajia kwamba mpishi wa mzungu au kibarua wa kiwanda asingejishughulisha na taabu ya dereva wa teksi. Lakini shirikisho liliichukua kesi ya madereva kuwa kesi ya wafanyakazi wote.

Tarehe 23 Aprili 1950, katika mkutano wa hadhara uliofanyika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, Makhan Singh alitoa pendekezo kwamba nchi za Afrika Mashariki zipewe uhuru kamili. Alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kulitamka jambo hilo waziwazi mbele ya umma. Haikupita hata mwezi mmoja. Tarehe 15 Mei yeye na Kubai walikamatwa kwa hoja kwamba shirikisho lao halikuwa limeandikishwa kisheria. Kesho yake Nairobi ikasimama. Wafanyakazi waligoma wakidai viongozi wao, pamoja na Kibachia, waachiliwe. Mshahara wa chini uwe shilingi 100 kwa mwezi. Watu wasivamiwe majumbani mwao usiku wa manane. Na zile sheria ndogo za teksi zifutwe. Naomba wanafunzi walitazame vizuri dai hilo la mwisho. Maelfu ya watu ambao hawakuwahi kushika usukani walihatarisha vibarua vyao, pamoja na mambo mengine, kwa ajili ya madereva. Huo ndio mshikamano.

Mgomo huo ulizimwa kwa nguvu za polisi na askari baada ya siku kadhaa. Makhan Singh alifikishwa mbele ya Jaji Thacker huko Nyeri, upande wa pili wa mlima wetu. Jaji huyo ndiye aliyekuja kuisikiliza kesi ya Kapenguria, ambamo Kubai alikuwa mmoja wa washtakiwa 6 pamoja na Jomo Kenyatta. Makhan Singh alipelekwa Lokitaung, kisha Maralal, na mwishowe Dol Dol, huko Laikipia, ambako si mbali na kwetu. Hakuachiliwa hadi tarehe 22 Oktoba 1961. Alikuwa amekaa kizuizini miaka 11 na zaidi, muda mrefu kuliko hata ule wa Kenyatta.

Katika sehemu hii ya maisha yake naona somo ambalo vitabu vyetu havilitaji. Watu waliomgomea mwezi wa Mei hawakuwa waoga, wala hawakumsahau kwa makusudi. Lakini shirikisho lilipovunjwa, hapakubaki ofisi, daftari la wanachama, wala ada ya kuendeshea madai yao mwaka baada ya mwaka. Moyo ulikuwapo, ila chombo cha kuubeba moyo huo kilikuwa kimevunjwa. Mkoloni alilijua hilo. Ndiyo maana hakuogopa sana kelele za siku chache, aliogopa daftari.

Baada ya kuachiliwa, Makhan Singh hakupewa cheo chochote kikubwa, si serikalini wala katika vyama alivyovilea. Hakugeuka kuwa mtu wa kulalamika. Alikaa na nyaraka alizokuwa amezihifadhi kwa uangalifu, akaandika historia ya vyama vya wafanyakazi wa Kenya hadi mwaka wa 1952, na kitabu hicho kikachapishwa mwaka wa 1969. Alifariki tarehe 18 Mei 1973, akiwa na umri wa miaka 59. Nyaraka zake zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, kwa faida ya kila mwanafunzi atakayetaka kuzisoma.

Sasa nirudi hapa Ruiri. Kijana mmoja niliyemfundisha alivunjika mguu akiwa kazini katika matatu. Siku ile ile habari zilienea kwa simu, picha zikatumwa, wenzake wakachanga pesa kwa moyo mkunjufu. Baada ya wiki moja kimya kikatanda. Kijana hakuwa na mkataba wa maandishi, ingawa Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inautaka kwa kazi ya miezi 3 au zaidi. Hakujua kwamba ipo sheria ya mwaka huo huo ya fidia kwa wanaoumia kazini. Alikuwa akifanya kazi chini ya Sacco, naam, lakini Sacco ni ushirika wa wenye magari. Kazi yake ni kulinda gari na hesabu ya kila siku. Haikuundwa kumtetea makanga dhidi ya mwenye gari. Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama chake na hata kugoma, lakini haki isiyotumika ni kama jembe lililoachwa ghalani msimu wa mvua.

Siidharau simu. Laiti Makhan Singh angekuwa nayo! Kazi aliyoifanya kwa wino na mashine ya chapa usiku kucha, kijana wa leo anaweza kuifanya kwa kidole kimoja akiwa stendi. Chama cha wafanyakazi wa uchukuzi bado kipo nchini. Lipo pia shirikisho la kimataifa la wafanyakazi wa uchukuzi, lililoanzishwa London mwaka wa 1896, ambalo siku hizi hutumia intaneti kueneza habari za dereva au baharia aliyeonewa, na kuwaomba watu wa mataifa mengine waandike barua za kumtetea. Hazina ya maarifa ni kubwa na iko wazi. Hata hivyo, kidole kimoja hakivunji chawa. Barua elfu moja kutoka ng'ambo hazitamsaidia mtu ambaye jina lake halimo katika daftari la chama chochote nyumbani kwao.

Kwa hiyo nawasihi walimu wenzangu tusiufundishe mwaka wa 1950 kama tarehe ya kukariri tu. Tuwasomeshe wanafunzi sheria ya ajira pamoja na maisha ya Makhan Singh, kwa sababu wengi wao watashika usukani kabla ya kushika shahada. Nanyi wanafunzi, mnaojua kutafuta kila kitu katika simu, tafuteni hati za haki za wafanyakazi, mzifasiri kwa Kiswahili na Kimeru, mkawasomee wazazi na kaka zenu. Kisha muwaulize swali moja: majina yao yameandikwa wapi? Mfanyakazi asiyeweza kulijibu swali hilo atachangiwa pesa kwa wiki moja, halafu atasahauliwa.