Mgiriki aliyeandika Milima ya Mwezi

Huku Mangobo, ukisema Mgiriki, wazee wanawaza wenye maduka ya zamani mjini. Ptolemaios hakuwa wa duka. Aliishi Alexandria, kule Misri, katika karne ya 2 kisha Yesu kuzaliwa, Warumi wakitawala. Usimchanganye na wafalme wenye jina lile.

Toka 127 mpaka 141 alikuwa anapima nyota na kuandika. Alifundisha kama dunia iko katikati, jua linaizunguka. Alikosea, na watu wakamfuata miaka zaidi ya 1,300!

Lakini kitabu chake cha ramani njo kinatugusa. Mule kuna Rhapta, soko la pwani yetu ya mashariki, na ndani ya bara maziwa mawili yanayolisha Nile, pamoja na Milima ya Mwezi yenye theluji. Stanley alipoona Ruwenzori mu 1888, alisema njo ile. Na kweli, maji ya Ruwenzori yanaingia Semliki, yanateremka mpaka Nile.

Ptolemaios mwenyewe hakufika hata siku moja. Habari alizitoa kwa Marinus wa Tyre. Marinus naye alizipata kwa mabaharia kama Diogenes, ambaye upepo ulimsukuma siku 25 kando ya Afrika. Na hao mabaharia? Lazima kuna mtu wa bara aliyewaeleza. Mimi wa sendika ya mgodi nimezoea rejista za namna ile: tani zinaandikwa, mchimbaji haandikwi. Diogenes ana jina, Marinus analo. Yule aliyeona theluji kwa macho yake, hana.