George Balanchine: bingwa wa dansi aliyemalizwa na protini

Mshawahi kuona baleti? Ile dansi ya Wazungu ambayo wadada wanasimama kwa ncha za vidole vya miguu. Basi pale Marekani aliyeijenga kuliko wote ni jamaa anaitwa George Balanchine. Wengi wakisimulia maisha yake wanaishia jukwaani. Mimi leo nataka tufike mpaka kwenye ubongo wake.

Alizaliwa Januari 1904 huko St Petersburg, Urusi. Baba yake alikuwa Mgeorgia, mtunzi wa muziki. Baleti yenyewe aliingia kwa bahati tu. Mwaka 1913 dada yake alipelekwa kwenye usaili wa shule ya dansi ya mfalme, dogo naye akajaribishwa hapo hapo, na yeye ndiye akachukuliwa. Unadhani alifurahi? Alitoroka! Ikabidi arudishwe. Baada ya mapinduzi ya 1917 njaa ikapiga kweli kweli, akawa anapiga piano kwenye kumbi za sinema zisizo na sauti ili apate chochote cha kutia tumboni.

Mwaka 1924 alitoka na kikundi kidogo kwenda kucheza Ujerumani, na hakurudi. Akaangukia kwenye kundi la Diaghilev, ndiko jina lake la Balanchivadze lilikokatwa. Mwaka 1933 Mmarekani mmoja, Lincoln Kirstein, akamwita New York. Mwaka uliofuata wakafungua shule, na 1948 likazaliwa kundi la New York City Ballet. Jamaa alitunga dansi zaidi ya 400. Moja aliwatungia tembo 50 wa sarikasi, mwaka 1942, muziki wa Stravinsky. Tembo, wadau, sio utani!

Mwaka 1956 mke wake Tanaquil Le Clercq, naye mchezaji, alipata polio na miguu ikapooza. Balanchine aliacha kazi karibu mwaka mzima akamuuguza.

Halafu ikafika zamu yake. Kuanzia 1978 hivi, mzee akawa akijizungusha anayumba. Fikiria mtu ambaye kazi yake yote ni mizani ya mwili, halafu mizani ndiyo inaondoka mwanzo. Macho na masikio navyo vikafuata. Madaktari walipima weee, jibu hakuna. Novemba 1982 akalazwa, na tarehe 30 Aprili 1983 akafariki akiwa na miaka 79.

Jibu lilipatikana baada ya kifo, ubongo ulipochunguzwa. Ulikuwa ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob, ndugu wa ule wa ng'ombe kichaa uliotikisa Uingereza.

Sasa hapa ndipo pananiacha hoi. Huyu muuaji sio bakteria wala kirusi. Ni protini. Kila mmoja wetu anayo kwenye seli za ubongo, imekunjwa vizuri, haina shida na mtu. Ikitokea moja ikajikunja vibaya, inaigusa ya jirani nayo inajikunja vile vile. Ni kama mstari wa ngoma: mmoja kakosea hatua, wa pembeni wanamfuata yeye. Mwili hauwezi kuzimeng'enya hizo mbovu, zinagandamana mabonge, seli zinakufa, na ubongo unabaki na vitobo kama sponji. Protini za aina hiyo zinaitwa prioni. Jina hilo alilitoa Stanley Prusiner mwaka 1982, mwaka ule ule Balanchine kalazwa! Wenzake wengi walimbishia, lakini 1997 akachukua Nobel.

Msiogope sana, ni nadra: mtu mmoja au wawili katika milioni kwa mwaka. Wachache wanarithi, wachache sana wameupata kwa vifaa vya upasuaji au nyama ya ng'ombe wagonjwa. Wengi unawaanza wenyewe bila sababu inayojulikana, na kwa kawaida unaua ndani ya mwaka.

Dawa mpaka leo hakuna. Ila siku hizi unaweza kugundulika mgonjwa akiwa hai. Wanatoa maji ya uti wa mgongo, wanayachanganya na protini nzima maabara, wanaangalia kama zitaanza kugandamana. Balanchine hakuwa na kipimo hicho, na alikufa bila kujua anaumwa nini.

Kama kuna mdau daktari humu, atumwagie zaidi hapo chini kwenye maoni.