Nansen na Kinu cha Upepo

Fridtjof Nansen alizaliwa tarehe 10 Oktoba, 1861, karibu na mji ambao sasa unaitwa Oslo, nchini Norway, na alifariki tarehe 13 Mei, 1930. Katika umri wake wa miaka 68 alikuwa mwanasayansi, msafiri wa nchi za barafu, balozi na mtetezi wa wakimbizi. Ulimwengu humkumbuka kwa mambo hayo makubwa. Leo sisi twataka kumkumbuka kwa jambo dogo ambalo halitajwi sana, nalo ni kinu cha upepo alichokisimamisha juu ya sitaha ya meli yake, katikati ya bahari iliyoganda, ili watu 13 wapate mwanga wa umeme katika usiku wa miezi mingi. Jambo hilo ladhihirisha tabia ya mtu yule, na lagusa nyumba zetu sisi watu wa visiwani.

Habari ya safari hiyo ilianza kwa meli nyingine iliyozama. Mwezi Juni, 1881, meli ya Marekani iitwayo Jeannette ilibanwa na barafu na kuvunjika kaskazini ya Siberia. Miaka mitatu baadaye mabaki yake yaliokotwa katika pwani ya Greenland, upande wa pili kabisa wa Ncha ya Kaskazini. Nansen alitambua kutokana na mabaki hayo kwamba barafu ya huko haikai mahali pamoja, bali huchukuliwa polepole na mikondo na pepo. Akakata shauri kuunda meli ambayo haitapigana na barafu, ila itakubali kukamatwa nayo na kubebwa.

Wasafiri wengi mashuhuri wa nchi za barafu waliipinga rai hiyo. Lakini Nansen hakuwa mtu wa maneno matupu. Mwaka 1888 alikwisha kuivuka Greenland kwa miguu, yeye na wenziwe watano. Bunge la nchi yake likamsaidia kwa fedha, na bingwa wa kuunda vyombo, Colin Archer, akamuundia meli iitwayo Fram, maana yake Mbele. Ubavu wake ulifanywa wa mviringo ili barafu ikiubana isiuvunje, bali iinyanyue meli juu.

Fram iling'oa nanga tarehe 24 Juni, 1893. Ilipofika mwisho wa Septemba ilikwisha kunaswa katika barafu, ikiwa na chakula cha miaka mitano. Makaa na mafuta yalikuwamo, lakini Nansen alijua kwamba kinachochomwa leo hakitakuwapo kesho, na kwamba huko hakuna bandari ya kununua kingine. Upepo, kwa upande wake, ungevuma bila ya kuulizwa bei. Kwa hiyo kinu kikasimamishwa, kikazungusha dainamo, na mwezi Oktoba mwaka ule taa za umeme zikawaka ndani ya meli, jua likiwa linaaga. Watu wale waliweza kusoma, kufanya kazi na kuzungumza kama watu walio nyumbani kwao.

Meli ilichukuliwa na barafu kama Nansen alivyotabiri, lakini kwa mwendo wa kobe, na ikadhihirika kuwa haitapita katika Ncha yenyewe. Tarehe 14 Machi, 1895, yeye na mwenzake Hjalmar Johansen waliiacha meli, wakaenda kwa mbwa wa kukokota mizigo. Mwezi Aprili walifika kwenye latitudo ya digrii 86 na dakika 14, ambako hakuna mwanadamu aliyepata kuandikwa kuwa alifika kabla yao. Hapo wakarudi nyuma. Walikaa majira ya baridi katika kibanda cha mawe na ngozi, wakila nyama ya dubu, mpaka mwezi Juni, 1896 walipokutana na msafiri wa Kiingereza. Mwezi Agosti walifika Norway, na Fram nayo ikatoka katika barafu siku hizo hizo. Watu wote 13 walirudi salama.

Kinu chenyewe hakikudumu safari nzima. Kilifanya kazi kwa muda mrefu, kisha kikachakaa, kikateremshwa kabla ya meli kufika nyumbani. Jambo hili hatulifichi, kwani nalo lina mafunzo yake.

Baada ya hapo Nansen alishiriki katika juhudi za nchi yake za kujitenga na Sweden mwaka 1905, akawa balozi London, na mwaka 1921 akakabidhiwa kazi ya kuwahudumia wakimbizi chini ya Jumuiya ya Mataifa ya zama zile. Maelfu ya watu waliopotewa na nchi aliwapatia hati ya kusafiria iliyoitwa kwa jina lake. Mwaka 1922 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Katika kazi hiyo pia alitumia kilichokuwapo, yaani karatasi, muhuri na makubaliano ya serikali.

Sisi tunaoishi Unguja hatujasahau mwaka 2008, wala miezi ya tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, njia ya umeme itokayo bara kupitia chini ya bahari ilipoharibika. Taa zilizimika, pampu za maji zikasimama, na mwenye jenereta akawa mtumwa wa bei ya mafuta. Wakati huo wote upepo ulikuwa ukipita juu ya mapaa yetu. Wazee wetu waliufahamu upepo huo kwa majina na kwa tarehe. Waliijenga biashara ya bahari hii kwa kaskazi na kusi, wala hawakumlipa mtu hata senti moja kwa kuvuma kwake. Sisi tumeuachia ukaushe nguo tu.

Hatusemi kwamba kinu kidogo cha nyumbani kitapiga pasi au kupika wali. Chaweza kujaza betri, na betri ikawasha taa za watoto wanaosoma, redio na simu. Lakini mambo haya hayataki pupa. Upepo ukizidi mwendo mara mbili, nguvu yake huzidi mara nane. Kwa hiyo mahali pa kusimamisha kinu ni jambo la kwanza. Kinu kilichofichwa nyuma ya minazi ni hasara tupu. Chataka mlingoti mrefu na uwazi. Wakati wa maleleji upepo hulegea, basi ni busara kukiunga na sahani za umemejua. Chumvi ya bahari nayo hula chuma, na kinu kisichotunzwa kitachakaa upesi kuliko kile cha Fram.

Kwa hiyo twatoa rai kwa pande mbili. Ndugu zetu wakuu wa serikali wapime upepo katika vijiji kwa mwaka mzima kabla ya kununua chochote, wafundishe vijana wa vijiji hivyo ufundi wa kuvitengeneza, na wahakikishe vipuri vinapatikana hapa hapa visiwani. Kinu kisicho na fundi ni pambo. Ndugu wananchi nao, nyumba tano au sita zishirikiane katika mlingoti mmoja, wachague mmoja wao wa kuutazama kila wiki, na wachangie akiba ya betri mpya tangu siku ya kwanza. Nansen aliuwekea upepo mtambo na watu wa kuutunza ndipo akapata mwanga, na hilo laweza kuanza katika kila shehia kabla ya kusi ijayo.