Edward Emerson Barnard (1857–1923)

Barnard alizaliwa Nashville, Marekani, katika familia maskini. Hakusoma sana, akiwa bado mtoto aliajiriwa katika studio ya picha. Mwaka 1892 aligundua mwezi wa tano wa sayari ya Mshtarii. Baadaye, katika kituo cha Yerkes, alipiga picha za Njia Nyeupe kwa darubini zilizofungwa pamoja: hii ya picha, ile ya kuchungulia. Kwa saa kadhaa alikodolea nyota moja, akiurekebisha mtambo, kwani dunia huzunguka na nyota zingeacha michirizi. Zingatia, mtahiniwa: bomba moja likipinda kidogo tu kuliko lingine, picha huharibika, ilhali mchunguliaji anaiona nyota yake palepale. Alifariki mwaka 1923. Atlasi ya picha hizo ilichapishwa 1927.