Yasmin Ahmad: Filamu yake ya mapenzi ilivyozua ubishi Malaysia

Binti wa shule, Mmalay na Muislamu, anampenda kijana wa Kichina anayeuza CD feki. Basi, hadithi ni hiyo tu. Lakini filamu ya Sepet ilipoingia sinema mwaka 2005, Malaysia ilibishana kweli kweli.

Sababu ipo. Katiba ya nchi hiyo inamtambua Mmalay kuwa ni Muislamu, na asiye Muislamu akitaka ndoa na Muislamu lazima asilimu kwanza. Hata jina Sepet ni neno la kuwatania Wachina kwa macho yao.

Aliyeitengeneza ni Yasmin Ahmad, Mmalay na Muislamu pia. Alizaliwa Johor mwaka 1958, akasoma saikolojia Newcastle, Uingereza, kisha akaingia kwenye matangazo ya biashara. Matangazo yake ya sikukuu kwa kampuni ya mafuta ya Petronas yaliwaliza watu sebuleni. Filamu yake ya kwanza, Rabun, aliitoa mwaka 2003, akiwa na miaka 45.

Sepet ilibeba tuzo ya filamu bora nyumbani, na Tokyo ikatajwa filamu bora ya Asia. Wakosoaji hawakujali. Mwaka 2006 ikafuata Gubra: mwadhini anakwenda msikitini alfajiri, njiani anainama kumpapasa mbwa mlemavu. Yeye na mkewe wanaishi vizuri na majirani makahaba. Mwaka huohuo mjadala ukafika kwenye televisheni: je, filamu hizi zinachafua utamaduni wa Wamalay?

Ukiziangalia leo, kinachoshtua zaidi si mbwa. Ni wanawake. Binti anajichagulia mpenzi, mama anamjua mpenzi huyo na hamfukuzi, mume na mke wa makamo wanataniana ndani kwao bila aibu. Na wote wanachanganya Kimalay, Kiingereza na Kikantoni kama watu wanavyoongea mtaani, kitu ambacho filamu nyingi za Kimalay zilikuwa zinakikwepa.

Julai 23, 2009, Yasmin alianguka akiwa kwenye kikao katika kituo cha TV3. Kiharusi. Alifariki siku mbili baadaye, akiwa na miaka 51.

Wakati huo filamu yake ya Muallaf, ambayo mwigizaji Sharifah Amani alinyoa kipara kwa ajili yake, ilikuwa imeshaonyeshwa nje ya nchi. Wamalaysia waliipata sinema Desemba mwaka huo, miezi mitano baada ya mazishi yake.